Kasi, Ufunguo na Hisia za Wimbo wa Gwaride

Siku hizi programu ya simu husikiliza wimbo kwa sekunde chache kisha hutoa hukumu tatu: mapigo kadhaa kwa dakika, ufunguo fulani, na neno moja la hisia kama "furaha" au "hamasa". Kwa bongo fleva hukumu hizo mara nyingi hutosha. Kwa wimbo wa gwaride uliopigwa na bendi ya matarumbeta hazitoshi, na rekodi ikiwa ya zamani zote tatu zinaweza kupotosha.

Tuchukue "The Stars and Stripes Forever", uliobuniwa na John Philip Sousa mwishoni mwa 1896 akiwa melini, akirejea Marekani kutoka Ulaya. Wimbo unaanza katika E-flati meja. Ukifika sehemu ambayo wanamuziki huiita trio, unapanda hadi A-flati meja, na hauteremki tena hadi mwisho. Nyimbo nyingi za gwaride zimejengwa hivyo. Kwa hiyo programu inayotaja ufunguo mmoja imeacha nusu ya wimbo, tena nusu yenye utamu zaidi. Trio huingia kwa upole, noti zikiwa ndefu. Kisha hukatizwa na kipande cha mabishano, ala nzito zikifoka na nyembamba zikijibu. Trio ikirudi, pikolo inarukaruka juu yake. Ikirudi mara ya mwisho, tromboni nazo zinaingia na sauti yao ya pembeni. Ufunguo wa trio ni uleule wa A-flati mwanzo hadi mwisho. Kinachomwinua msikilizaji ni idadi ya ala, nguvu ya pumzi na urefu wa noti.

Ndiyo maana sikubaliani na kanuni ya kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Wimbo wa maziko katika "Saul" ya Handel, kazi ya 1739, uko katika C meja, nao umesindikiza majeneza mengi ya kitaifa Uingereza. Uzito wake unatoka kwenye mwendo. Jeshi la Uingereza hutembea takriban hatua 65 kwa dakika katika mwendo wa pole na 116 katika mwendo wa haraka. Vikosi vya rifle hufika 140. Jeshi la Kigeni la Ufaransa hutembea hatua 88, na mtazamaji huhisi vitisho kabla hajasikia hata noti moja. Hapa pwani yetu, beni ilichukua tarumbeta, ngoma na vyeo vya kijeshi ikavigeuza kuwa mchezo wa majigambo na ushindani wa mitaa. Hisia ikabadilika kwa sababu watu waliokuwa wakicheza walikuwa na shughuli nyingine.

Kasi nayo ina mtego wake. Mashine inaweza kuhesabu 60 au 240 pale ambapo mguu unahesabu 120. "The Washington Post" ya Sousa, ya 1889, ina mapigo mawili makubwa katika kila kipimo, kila pigo likigawanyika mara tatu. Mashine ikihesabu vigawanyo hivyo, namba inapaa bila maana. Fuata ngoma kubwa. Hesabu hatua kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Sasa tufike kwenye santuri, ambako kasi na ufunguo vimefungwa kamba moja. Kabla ya rekodi za umeme kuanza mwaka 1925, bendi ilipiga mbele ya pembe kubwa, na santuri zilizoitwa za mizunguko 78 hazikuzunguka sawa zote. Ukiizungusha santuri ya 78 kwa mizunguko 82.6, kila noti inapanda nusu toni: E-flati inakuwa E, na mapigo 120 yanakuwa 127. Bendi inasikika changamfu kuliko ilivyokuwa. Watu wamewasifu waongoza bendi kwa uchangamfu ulioletwa na mota.

Bendi za matarumbeta za Uingereza zinaongeza ugumu. Hadi miaka ya 1960 nyingi zilitumia ala zilizotengenezwa kwa sauti ya juu, A ikiwa na mitetemo takriban 452.5 kwa sekunde badala ya 440. Tofauti hiyo inakaribia robo toni. Rekodi yao ya B-flati, ikichezwa kwa mzunguko sahihi kabisa, huangukia katikati ya B-flati na B, na programu hubahatisha. Anayeishusha ili ilingane na piano ya leo anaiharibu kasi iliyokuwa sahihi. Dawa ni kupima vyote viwili: hatua zikilingana na desturi ya gwaride lakini sauti ikawa juu kidogo, shuku ala, vikizidi vyote kwa kiwango kimoja, shuku mashine.

Kanda za kaseti na za redio zina tatizo hilohilo, nazo ndizo zilizobeba bendi zetu za polisi, jeshi na shule. Ukipewa kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta, andika mashine uliyotumia na mwendo wake, ufunguo wa mwanzo na wa trio, na hesabu ya hatua. Na hata ukitengeneza nakala iliyorekebishwa, ile ya awali usiifute.