Mwito wa Ubingwa Wafika Karatu

Kijana akisha kumaliza miaka mitano ya masomo ya udaktari na mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, watu wa kwao hudhani safari imekwisha. Mwanao ni daktari, na kweli ni daktari. Lakini mgonjwa aliyetoka Endulen, ndani ya Ngorongoro, akiwa na maradhi mazito, mara nyingi huambiwa aendelee mpaka Arusha au Moshi kwa kuwa huko ndiko aliko bingwa. Bingwa naye hapatikani ila kwa miaka mingine ya mafunzo, na mwito wa mafunzo hayo siku hizi hutangazwa katika intaneti.

Tutazame mfano ulio karibu. Mjini Arusha yapo makao ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa jina la COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999. Chuo hiki hakina madarasa ya kukaa wanafunzi. Daktari hupeleka maombi yake kwa intaneti, akikubaliwa hujifunza kwa mikono yake katika hospitali iliyoidhinishwa na Chuo, kama vile KCMC ya Moshi, huku masomo mengine akiyapata mtandaoni. Miaka miwili ya kwanza humfikisha kwenye uanachama. Ubingwa wenyewe haupatikani kabla ya miaka mitano. Kwa maoni yangu huu ndio mpango unaotufaa zaidi, kwani mwanafunzi haondoki kitandani pa mgonjwa ili akasome.

Mlango huo huo wa intaneti huingiza wageni pia. Hapo Karatu ipo hospitali ya FAME, iliyoanzishwa na Frank Artress, daktari wa Kimarekani, pamoja na mkewe Susan Gustafson, na zahanati yake ikafunguliwa mwaka 2008. Madaktari wa ng'ambo husoma khabari zake wakiwa kwao, wakaomba kuja kujitolea. Wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija mara kwa mara, pamoja na wanafunzi wao wa ubingwa, kutibu maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu, kifafa kikiwamo. Twawashukuru. Hata hivyo mgeni hurudi kwao, na kifafa hakingoji ndege.

Basi mwito humfikia kijana wa Karatu dakika ile ile unapomfikia wa Dar es Salaam. Lakini kuufikia na kuujibu si jambo moja. Hutakiwa cheti cha usajili cha Baraza la Madaktari Tanganyika, barua za mabingwa wanaomjua, na ada. Aliyesomea kazi katika hospitali kubwa huwaomba barua hizo mabingwa anaokutana nao kila asubuhi. Wa hospitali ndogo huenda hajafanya kazi chini ya bingwa tangu mwaka ule wa uangalizi. Tena hana budi kuuliza kama hospitali yake imeidhinishwa. Isipokuwa hivyo, atahama, na wagonjwa wake wabaki na nani?

Wazazi nao wana sehemu yao, hasa katika fedha. Baba aliyeuza vitunguu vya Mang'ola ili kumlipia mwanawe ada asiitume kwa simu ya mtu asiyemjua, hata akiletewa barua yenye nembo ya kupendeza. Ada ya kweli hulipwa kwa chuo chenyewe, kwa njia iliyoandikwa katika ukurasa wa chuo, na namba ya simu ya chuo yaweza kupigwa kabla ya shilingi kutoka. Anayeahidi nafasi bila kuuliza vyeti wala mtihani, huyo anauza upepo.

Na saa ya kufunga maombi isomwe vizuri. Saa 5 ya jioni ya Kizungu kwetu ni saa 11 jioni, nayo ikiwa ni ya London, hapa Karatu jua litakuwa limekwisha kuchwa.