Fahamu: Mwezi ulitoka wapi?

Kila mwaka Mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8. Tunajua hivyo kwa sababu wanaanga wa Apollo waliacha vioo maalumu juu yake. Miale ya leza hurushwa kutoka duniani, hugonga vioo hivyo na kurudi.

Wakristo wanaoamini kuwa dunia ina miaka 6,000 hivi, na kwamba Mwezi uliumbwa siku ya nne, huishika hesabu hiyo. Wanasema Mwezi ulipokuwa karibu ulisogea kwa kasi zaidi, hivyo ukirudi nyuma miaka bilioni 1.5 hivi, ungekuwa umegusana na dunia, basi hauwezi kuwa mkongwe kuliko hapo. Hoja hii inastahili jibu, na jibu lipo baharini. Kasi hiyo hutokana na maji kupwa na kujaa, nayo hubadilika kadiri mabara yanavyohama. Kwa sehemu kubwa ya zamani ilikuwa ndogo zaidi ya hesabu hiyo.

Kisha kuna mawe ya Mwezi, kilo 382, yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972. Oksijeni yake inafanana mno na ya dunia. Ndiyo maana wanasayansi wengi husema gimba lenye ukubwa kama wa Mirihi, waliloliita Theia, liliigonga dunia changa miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, vifusi vikaungana kuwa Mwezi. Namna hasa ya mgongano huo bado inabishaniwa.