Nyama ya kuku huanza kupangwa ndani ya yai

Mazungumzo ya leo nimeyapata gatini Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, pale ambapo barabara huishia na watu wa delta ya Rufiji hukaa kungojea maji yajae. Jirani yangu kivulini alikuwa bibi mmoja mwenye boksi la matundu, na ndani yake vifaranga wa kuku wa nyama wakilia kwa pamoja. Nikamwamkia. Alipotambua sauti yangu hakunipa nafasi ya kupumzika.

"Mwanangu, wewe si ndiye yule wa redioni? Basi niambie, hawa huchomwa sindano gani hata wakawa majitu kwa wiki sita? Na kama ni sindano, mbona wangu wa safari iliyopita walidumaa, na chakula ni kilekile, banda ni lilelile?"

Bibi hakuwa anafanya mzaha. Vifaranga aliwanunua kwa fedha za upatu, na nyumbani kuna mjukuu anayengojea sare za shule.

Swali la sindano ni jepesi. Homoni ya kukuza mwili ni protini. Ukiitia kwenye pumba, tumbo la kuku litaimeng'enya kama dagaa. Kuichoma nako kungetaka sindano kila siku, kwa kila kuku, na gharama yake ingeimeza faida yote. Anachopewa kifaranga ni chanjo, kama ile ya kideri tunayodondosha jichoni. Ukubwa wake umetokana na kuchagua mbegu. Watafiti wa Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wakawalisha chakula kimoja. Siku ya 56 wale wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni urithi.

Sasa huo urithi hufanya kazi gani? Hapa naomba utulivu kidogo, msikilizaji.

Yai huatamiwa siku 21. Katika siku za mwanzo kabisa, kandokando ya uti wa mgongo wa kiinitete hujitokeza vipingili vidogo, viwili viwili. Baadhi ya chembe hai za vipingili hivyo hupata ujumbe kutoka kwa majirani zao: ninyi mtakuwa nyama. Ujumbe huo huamsha jeni, na jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Mojawapo huitwa MyoD. Protini yake ni kama mnyapara: huingia kwenye kiini cha chembe na kuziamsha jeni nyingine za kazi ya misuli. Mwaka 1987 wanasayansi wa Marekani waliiamsha jeni hiyo moja tu ndani ya chembe ambazo hazikuwa za misuli kabisa, nazo zikageuka kuwa za misuli! Baadaye hushika zamu mnyapara mwingine, mayojenini, ambaye husimamia chembe hizo ziungane na kuwa uzi mmoja mrefu. Nyama unayoitafuna ni mafungu ya nyuzi hizo.

Penye wanyapara pana na breki. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walitangaza protini iitwayo mayostatini, ambayo huzuia misuli isizidi kiasi. Panya waliokosa jeni yake walikuwa na misuli mara mbili hadi tatu ya kawaida. Kuku naye anayo breki hiyo. Kila ukoo wa kuku una kipimo chake cha kukanyaga mafuta na kufunga breki, na ndiyo maana Kuchi wetu, yule jogoo mrefu mwenye shingo ya ubishi, hatakuwa broila hata umlishe nini. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ukoo wake una undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Nilicheka niliposoma, maana ugomvi wake tulikuwa tunaujua.

Tulifikie swali la pili. Kifaranga anapototolewa, idadi ya nyuzi zake imekwisha kupangwa karibu yote. Tangu hapo nyuzi hunenepa tu, na hunenepa kwa msaada wa chembe za akiba zilizolala ubavuni mwake. Chembe hizo huongezeka kwa kasi katika siku chache za kwanza, kisha hujiunga na nyuzi. Zikiongezeka kidogo, akiba ni ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Israeli, walionyesha mwaka 2000 kuwa vifaranga walionyimwa chakula kwa siku mbili katika siku hizo za mwanzo walikuwa na chembe za akiba chache, na kifua chao kilibaki nyuma ingawa baadaye walilishwa vizuri.

Nikamwuliza bibi, "Safari ile walifika lini?"

Akahesabu kwa vidole. Usiku mmoja Dar es Salaam, basi likaharibika njiani, maji yakawa yamekupwa, wakalala gatini. Siku ya tatu ndipo walipoonja chenga. Hakuna aliyemwonya, maana hawakufa. Kifaranga hutoka na kiini cha yai tumboni, kinachoweza kumshikilia siku mbili tatu. Kinamtosha kuishi, kujenga kifua ni habari nyingine. Na mimi nawalaumu kidogo wauzaji wasiolisema hilo dirishani.

"Hawa wametotolewa lini?"

"Jana asubuhi."

Boti ilikuwa bado saa mbili. Bibi hakuniuliza tena jambo. Alifungua boksi pale pale, akakopa vifuniko vya chupa kwa muuza soda, akamimina maji, akawachovya midomo mmoja mmoja, kisha akatandaza gazeti na kuwanyunyizia chenga laini. Gazeti lenyewe lilikuwa langu, tena sijalimaliza.