Pixie Ni Tamu, Lakini Haitaki Papara!

Kijana mwenzangu, umeshayaona yale machenza madogo sokoni, ganda linamenyeka kwa kidole na ndani karibu hamna mbegu? Hizo ndizo pixie! Kila kijiwe ninachopita nasikia vijana wakipanga kurudi shamba kuzipanda. Sawa kabisa. Ila kabla hujatoa akiba yako benki, nisikilize.

Pixie si mzaliwa wa Ukambani. Ni chotara wa machenza, aliyeanzia Riverside, California, mwaka 1927 na kutolewa kwa wakulima 1965. Hapa Kenya, Makueni ndiyo inayosifika kwayo.

Huko Makueni binamu yangu aliachiwa ekari moja na marehemu baba yake. Alikuwa na pesa za kununua pikipiki ya bodaboda, akasema heri pixie. Mama yake akaja juu: "Hiyo miaka mitatu tutakula majani?"

Mama hakukosea. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi. Kwa hiyo binamu alipanda ndengu na kunde katikati ya mistari, maana miti ikiwa midogo jua lipo la kutosha. Tumbo halingoji chenza!

Ukipanda mita 4 kwa mita 4, ekari inabeba miti kama 250. Sasa hapo kwenye kununua miche ndipo matapeli wanapokungoja. Mche halali ni kijiti cha pixie kilichobebeshwa juu ya shina la mlimau. Ushike, utafute kovu la kiungo. Hulioni? Basi huo umeoteshwa kwa mbegu. Na pixie yenyewe karibu haina mbegu, sasa huo umetoka wapi?

Angalia na majani. Ukiona manjano ya mabaka yasiyolingana kushoto na kulia, kimbia! Huenda ni ule ugonjwa unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga. Mti ukiupata hauponi, na utaambukiza jirani zake. Nenda kwenye kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, hata kama bei iko juu kidogo.

Matunda yakija, nao mabroka watakuja. Watakusukuma uchume mapema wawahi soko. Usikubali! Chenza likishachumwa haliongezi utamu. Lililotoka mtini chachu litabaki chachu, na mteja hatarudi. Tena likate kwa mkasi. Ukilivuta, ganda huchanika penye kikonyo na tunda linaoza njiani.

Miti ya binamu iko mwaka wa pili sasa. Chenza hata moja bado hajauza, lakini ndengu zimelipa karo ya mdogo wake, na mama siku hizi ndiye anayefukuza mbuzi wa watu wasitafune miche.

Wewe je, una moyo wa kungoja? Kama huna, ndugu yangu, nunua pikipiki.