Pima kwanza, fungua baadaye: kaboni inavyoyamaliza magari ya Korogwe na Handeni

Kwenye gereji za Korogwe, kuanzia Manundu hadi zile zilizojipanga kando ya barabara kuu ya Moshi, kuna hukumu inayotolewa haraka mno: "Bosi, injini hii imekwisha. Tafuta nyingine." Mwenye gari anauza mahindi au ng'ombe, anapanda basi hadi Dar es Salaam, anarudi na injini ya mtumba kutoka Japani ambayo hakuna anayejua ilikotumika wala ilivyotunzwa. Ile ya zamani inasukumwa pembeni. Nimeshaona injini za namna hiyo zikifunguliwa baadaye na mtu mwenye subira, na ndani hakuna chuma kilichovunjika wala silinda iliyochanika. Kuna kaboni, basi.

Kaboni ni masalia ya petroli na oili ambavyo havikuungua vikaisha. Hugandia juu ya pistoni, kwenye valvu, kwenye ringi na kwenye mlango wa hewa ambao mafundi huuita throto. Dalili hutegemea ilipokaa. Ikiwa kwenye throto, injini haitulii. Dereva akiachia mafuta kwenye tuta, gari linazima. Ikiwa juu ya pistoni, inakula nafasi ya kugandamizia hewa na kutunza joto, kiasi kwamba petroli inawaka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana gari lililokuwa kimya kabisa kwenye tambarare ya Segera linaanza kugonga likiuanza mlima wa Mombo kwenda Soni na Lushoto. Ikigandisha ringi, oili inapanda juu, moshi wa bluu unatoka nyuma, na oili hiyo inayoungua inazaa kaboni nyingine.

Mazingira yetu yanaisaidia sana. Handeni ni kukavu, na gari linalokwenda vijijini kila siku linameza vumbi jekundu mpaka eya klina inaziba. Hewa ikipungua, petroli haiungui yote. Kuna safari fupi fupi za mjini, sokoni na kurudi, ambazo injini inazimwa kabla haijapata joto lake. Na kuna petroli ya kwenye chupa na madumu, ambayo mnunuzi hana namna ya kujua imechanganywa na nini. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa uliwahi kuwa janga la nchi nzima, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, hayaungui vizuri kwenye injini ya plagi, na yanachoacha ni masizi.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo pesa za watu zinapookolewa au kupotea.

Anza na plagi. Zifungue zote, zipange chini kwa mpangilio wa silinda zake, kisha zitazame kwenye mwanga wa jua. Iliyo na rangi ya kahawia iliyopauka imetoka kwenye silinda yenye afya. Nyeusi, kavu, inayoacha masizi kidoleni, inasema petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Nyeusi yenye majimaji ya mafuta inasema oili inaingia. Plagi moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo ni la silinda hiyo. Zikifanana zote, tafuta sababu inayogusa injini nzima. Kazi hii inataka spana moja na macho, lakini wengi huziruka plagi hizo hizo na kukimbilia silinda hedi.

Halafu pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote ziwe nje, petroli imekatwa, pedali imekanyagwa mpaka chini, kisha piga stata na usome geji. Injini nyingi za petroli za Kijapani hutoa kati ya psi 150 na 190, na silinda zisipishane zaidi ya psi 15 hivi. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au ukuta wa silinda ndiyo tatizo. Kikibaki pale pale, tazama valvu. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, shuku gasketi. Kipimo kikizidi kile alichoandika mtengenezaji, kaboni imejaa juu ya pistoni. Siku hizi kuna pia kamera ndogo ya waya inayoingia kwenye tundu la plagi na kuonyesha kila kitu kwenye simu.

Kwa Carina au Mark II za miaka ya 1990, hata mashine ya kompyuta si lazima. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini itapepesa namba ya tatizo. Fundi anayejua kuisoma anastahili kulipwa kwa ujuzi huo, hata kama hakushika nyundo.

Aina ya injini nayo lazima ijulikane. Toyota ilianza kuuza injini za D-4 nchini Japani mwaka 1996, na Noah zilizotoka kuanzia 2001 nyingi zinayo, ile 1AZ-FSE. D-4 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za hewa wala kuziosha. Dawa za kumwaga kwenye tenki hazizifikii valvu hizo. Anayekuuzia kwa ahadi ya kuzisafisha anakula pesa yako. Allion, Premio na Spacio zenye 1ZZ-FE za matoleo ya mwanzo zina lake: matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni hayatoshi, yanaziba, na gari linaanza kula oili. Toyota yenyewe ilibadilisha pistoni hizo baadaye. Injini hiyo ukiisafisha hedi tu na kuacha pistoni zile zile, utarudi gereji.

Kusafisha kwenyewe kuna makosa yanayoniuma kila ninapoyaona. Pistoni na hedi ni za aluminiamu, na kostiki soda inaila aluminiamu; kuziloweka humo ni kuziharibu. Bisibisi na brashi ya waya wa chuma huacha mikwaruzo, na kaboni mpya hugandia hapo hapo. Loweka kwenye dizeli au dawa maalumu, kisha kwangua kwa kipande cha mti au plastiki. Petroli kwenye karai karibu na anayechomelea vyuma ni moto unaosubiri. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole, na sensa ya hewa ina dawa yake peke yake. Wakati wa kurudisha, hedi inataka gasketi mpya na boliti zikazwe kwa hatua, kwa spana ya toki.

Kabla ya kufunga, shika ile valvu ndogo ya PCV inayopitisha mvuke wa injini, uitikise. Ikilia, inafanya kazi. Ikiwa kimya, ni yenyewe iliyokuwa ikipeleka oili kwenye throto, na usafi wote uliofanywa utadumu muda mfupi.

Mafundi wengi wa Korogwe na Handeni wamejifunza kwa mikono chini ya miembe, na wapo hodari kweli. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi wa namna hiyo bila kuwarudisha darasani miaka mingi. Halmashauri zetu zingewasaidia wengi kwa kuwalipia ada ya kupimwa huko na kuwanunulia geji za kompresheni za kutumia kwa zamu. Nawe mwenye gari, fundi akikuambia injini imekwisha, mwombe kwanza akuonyeshe plagi zote na akuandikie kwenye karatasi vipimo vya kila silinda. Asipokuwa navyo, usiuze ng'ombe.