Kisanduku Ambacho Wanafunzi Hukiruka

Mwanafunzi anayeandika insha ya mdahalo kwa kawaida hakosi maoni wala mifano. Anachokosa ni kiungo kati ya hivyo viwili. Muulize kama simu ziruhusiwe katika shule za bweni, ataandika: "Zisiruhusiwe, kwa sababu siku hizi vijana wanapenda sana kuperuzi mtandaoni." Haya, wanapenda. Kupenda huko kunatufikishaje kwenye marufuku? Sentensi ya kujibu swali hilo haipo, naye hata akiirudia kazi yake hataona pengo, maana kichwani mwake sentensi hiyo ipo.

Mchoro huliweka pengo hilo wazi. Mwaka 1958, katika kitabu The Uses of Argument, mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliichora hoja kwa mishale: taarifa upande huu, dai upande ule, na kati yake kanuni inayotuhalalishia kuvuka. Mfano wake: Harry amezaliwa Bermuda, basi yamkini ni raia wa Uingereza. Kanuni ni kwamba wazaliwa wa Bermuda kwa kawaida huwa raia wa Uingereza, isipokuwa, tuseme, wazazi wote wawili wawe wageni. Toulmin alikuwa akibishana na wanamantiki, hakuwa na habari ya somo la insha. Walimu wa mdahalo na wa uandishi wa Marekani ndio walioupeleka mchoro wake darasani.

Kwetu karatasi moja yatosha. Ikunjwe mara mbili, ikifunguliwa ina visanduku vinne: dai, ushahidi, kiungo, pingamizi. Mwalimu akazanie kiungo, na asikubali kijazwe kwa kurudia dai kwa maneno mengine. Yule wa simu anaweza kuandika: "Shule ina haki ya kuzuia kinachowanyima wanafunzi usingizi." Hapo sasa pana cha kubishania! Tena atagundua mwenyewe kwamba anahitaji ushahidi kuhusu usingizi, na ule wa kuperuzi hautoshi. Methali zisiingie kwenye kisanduku cha ushahidi. Zinapamba, hazithibitishi, hata kama wapo watahini wanaozipenda.

Pingamizi aliandike jirani wa dawati. Mwenye insha hujitungia pingamizi legelege ili aliangushe upesi.

Visanduku hivi vikizoeleka mno huzaa insha za aya nne zinazofanana kama sare, ilhali insha nzuri yaweza kuanzia kwenye pingamizi. Kwa hiyo baadaye utaratibu ugeuzwe: mwanafunzi aandike kwanza, kisha aichore hoja aliyokwisha kuiandika na kuangalia ni kisanduku gani hakina kitu.