Karanga za Diamond na Asali ya Biharamulo

Tangazo wote tunalijua. Tumelisikia Redio Kwizera ya Ngara, tumeliona kwenye kuta za maduka. Tangazo la namna hiyo halijifichi. Linasema: nunua sabuni hii. Lakini siku hizi yapo matangazo ndani ya simu ambayo hayasemi "nunua" hata kidogo.

Mitandao ya kijamii, kama Facebook, Instagram na WhatsApp, ni njia ya kupashana habari na picha kwa simu. Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004. Ukiacha bando, kuingia hulipi kitu. Sasa wenyewe wanakula wapi? Wanakula kwa wafanyabiashara. Facebook huangalia unapenda kutazama nini, kisha huuza nafasi ya kukuonyesha bidhaa. Leo umetazama picha za mahindi, kesho usishangae kuletewa dawa ya wadudu.

Wafanyabiashara wanajua watu huchoka kuambiwa nunua, nunua. Kwa hiyo kwanza wanakupa kitu: kichekesho, wimbo, somo la mapishi. Vitu hivyo huitwa maudhui. Muuza mbegu atakufundisha kupanda kwa nafasi, bure, na mfuko wake unaonekana pembeni. Somo linaweza kuwa la kweli kabisa. Ila hatakuambia kuwa mbegu ya mwenzake inazaa zaidi.

Mwaka 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz alianza kuuza karanga katika vifuko vidogo. Aliziita Diamond Karanga. Mamilioni ya watu walikuwa wanamfuata Instagram kwa ajili ya muziki, na hao hao wakaonyeshwa karanga. Karanga bwana, hata sisi tunalima! Pale iliuzwa karanga pamoja na jina. Hatusemi ni vibaya, ni biashara.

Na sisi wa Biharamulo tuna asali. Mlanguzi akija nyumbani anapanga bei yeye, kwa sababu anajua hatuna mnunuzi mwingine. Mnunuzi mwingine yupo, tuseme Mwanza, na tangu Juni 2025 basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Tatizo ni kwamba hatujui.

Wengi huweka picha ya chupa na maneno "asali safi, karibuni". Haitoshi. Mtu wa Mwanza hawezi kuonja simu. Anaogopa asali iliyochanganywa na sukari. Basi mjibu hofu yake: mwonyeshe mizinga juu ya miti, mwonyeshe mnavyorina usiku, mnavyochuja, chombo kilivyo safi. Halafu andika bei ya lita moja, kiasi kilichopo na nauli ya mzigo. Asali ikiisha, sema imeisha.

Picha ya "status" ya WhatsApp hukaa saa 24 tu, na huonwa na mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Kwa hiyo kila anayenunua, hata lita moja, hifadhi namba yake, na umwombe ahifadhi yako.

Matapeli nao huiba picha za wengine wakajifanya wauzaji. Ukitaka kununua, usitume fedha kwa sababu ya picha nzuri. Mpigie, mwombe mtu unayemfahamu mjini aione bidhaa. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040 ya TCRA.